Hivi Meneja wa Bidhaa Anatakiwa Kujua Kompyuta Kiasi Gani?



Nimekuwa kimya hapa kibarazani kwa muda, na wengine mmeshaanza kuniuliza koridoni kama nimedisko. Hapana jamani, bado nipo, bado napanga foleni ya chakula kama nyie. Kilichoninyamazisha ni testi zilizofuatana kama mabasi ya Mbagala, halafu na aibu kidogo. Hiyo aibu ndiyo nataka niitoe leo. Naona tuko wengi sana, sisi wa biashara, wa uchumi, wa mawasiliano, hata wa sheria, ambao ukituuliza tukimaliza tunataka kufanya kazi gani tunajibu bila kupepesa macho: meneja wa bidhaa. Au kama tunavyopenda kutamka wenyewe kwa mikogo, prodakti meneja. Ukiendelea kuuliza ni mtu anayefanya nini hasa, hapo ndipo mtu anaanza kuangalia saa.

Kwa wale ambao hawajakutana na neno hili, nieleze kwa kifupi. Kwenye kampuni inayotengeneza programu, meneja wa bidhaa ndiye anayeamua kitengenezwe nini, kwa ajili ya nani, na kipi kitangulie. Anakaa katikati ya wateja, mainjinia na wakubwa wenye pesa. Si bosi wa mainjinia, ingawa mtaani tunadhani hivyo. Kazi yenyewe haikuzaliwa kwenye kompyuta, ilizaliwa kwenye sabuni. Mwaka 1931 jamaa mmoja wa kampuni ya Procter & Gamble kule Marekani, Neil McElroy, aliandika waraka akishauri kila chapa ya kampuni iwe na watu wake wa kuifuatilia mwanzo mpaka mwisho, wajue inauzwaje, wapi inakwama na kwa nini. Huyo McElroy baadaye akaja kuwa Waziri wa Ulinzi wa Marekani, 1957 hadi 1959. Kwa hiyo si kazi ya kitoto.

Tatizo ni kwamba sabuni haina seva. Sabuni haikatiki mtandao katikati ya kuogea. Na mimi nilikuwa na mawazo ya sabuni.

Chuoni hapa kuna kambi mbili kuhusu jambo hili. Kambi ya kwanza ni ya washikaji wa sayansi ya kompyuta, wanaosema kama hujui kuandika programu usiguse bidhaa ya programu, nenda kauze mitumba. Kambi ya pili ni yetu sisi wenye mdomo, tunaosema mambo ya kiufundi ni ya mafundi, sisi kazi yetu ni maono, mteja na soko. Muhula uliopita nilikuwa mwenyekiti wa kambi ya pili. Leo nimehama, ila sikuhamia ya kwanza. Nieleze kilichotokea, halafu mtaamua wenyewe.

Basi bwana, tulikuwa watatu. Mimi, dada mmoja wa uhasibu, na mshikaji wa sayansi ya kompyuta ambaye kila mtu anamwita Injinia. Nyie mnajua foleni ya mama ntilie wa nje ya geti ilivyo saa saba mchana. Tukasema tutengeneze kitu: unafungua ukurasa kwenye simu, unaagiza sahani yako ya wali nyama, 2,500, unalipa kwa simu, ukifika unachukua unaondoka. Pesa zinaingia moja kwa moja kwenye akaunti ya biashara ya Mama. Injinia aliandika programu, dada alishika mahesabu, na mimi kwa kuwa nina maneno nikajipa cheo cha meneja wa bidhaa. Mama alikubali baada ya wiki mbili za kumbembeleza. Aliniambia, "Mwanangu, mimi hayo mambo siyajui. Nakuamini wewe." Hilo neno lilikuja kunirudia.

Wiki tatu za kwanza mambo yalikuwa bomba. Halafu ikaja Ijumaa moja, bumu limeingia asubuhi, kila mtu ni tajiri. Saa saba mtandao ukawa mzito. Mtu anaagiza, ombi la malipo linakuja kwenye simu, anaweka namba ya siri, anarudi kwenye ukurasa wetu anakuta maandishi mekundu: "Malipo yameshindikana." Chini yake kitufe kikubwa cha kijani: "Jaribu tena." Naye anajaribu tena. Anaweka namba ya siri mara ya pili. Wengine mara ya tatu.

Kumbe malipo ya kwanza hayakushindikana. Yalikuwa yamepita, ila jibu lake lilichelewa. Seva yetu ilikuwa imewekwa isubiri sekunde 30, zikiisha inakata tamaa na kutangaza msiba. Na kile kitufe cha kijani, wandugu, kilikuwa ni wazo langu. Injinia alipotaka kulifikiria kwa siku mbili nilimwambia, "Acha mambo yako, si kitufe tu? Kazi ya dakika tano hiyo." Akaweka kitufe. Kweli ilimchukua dakika tano.

Jumamosi asubuhi watu wakaanza kwenda kwa Mama kudai. Mama alikuwa ameshaona pesa nyingi kwenye simu yake, akafikiri ni baraka, akanunua mchele na maharage ya wiki nzima. Watu wanadai, yeye hajui nani mkweli nani anabahatisha, na mimi niliyemwingiza kwenye hayo mambo pia sijui. Taarifa zote zilikuwa ndani ya kanzidata yetu, lakini mimi sikuwa najua hata mlango wake uko wapi. Injinia alikuwa amesafiri kwenda msibani Morogoro, simu haipatikani. Kwa hiyo meneja wa bidhaa mzima nimesimama pale mbele ya sufuria, nasema "tutalifuatilia." Kuna kijana mmoja akamwambia Mama, mbele ya watu, "Hamjambo wezi." Mama hakujibu. Alifungua khanga yake, akahesabu 2,500, akampa. Mpaka jioni alikuwa amerudishia watu 26, shilingi 65,000.

Injinia alirudi Jumapili jioni. Alikaa kitandani kwangu, akaandika mistari kama mitano, na majibu yakaja kabla chai haijapoa. Watu waliokatwa zaidi ya mara moja walikuwa 19. Kati yao 16 mara mbili, na 3 mara tatu. Malipo ya ziada 22, yaani shilingi 55,000. Katika wale 26 waliorudishiwa, 14 tu ndio walikuwa wanadai kweli. 12 hawakuwa wamekatwa mara mbili. Na kulikuwa na 5 waliokatwa kweli ambao hawakuja kabisa. Nadhani walisamehe au waliona aibu.

Msikimbilie kuwaita wale 12 matapeli, maana hapo pia kuna mkono wangu. Nilikuwa nimeagiza kwamba kila anayelipa apate SMS kutoka kwetu pia, yenye maneno matamu. Kwa hiyo mtu aliyelipa mara moja alipata ujumbe mara mbili, mmoja wa kampuni ya simu na mmoja wetu, zote zinasema 2,500 imepokelewa. Ukisikia wenzako wanalia wamekatwa mara mbili, na wewe una ujumbe mbili mkononi, utafikiri nini?

Hesabu ya mwisho: Mama alipokea ziada ya 55,000, akatoa 65,000, na bado kulikuwa na deni la 20,000 kwa wale watano na wale wa mara tatu. Hasara 30,000. Kwa mtu anayepika kwa mtaji wa siku, hiyo si hela ndogo. Tulimlipa sisi watatu, kumi kumi, ingawa kwa haki ilikuwa niilipe peke yangu.

Sasa nirudi kwenye swali. Je, ningejua kuandika programu, haya yasingetokea? Hapana. Injinia anajua kuandika programu kuliko wengi hapa chuoni na yametokea mikononi mwake. Kilichokosekana ni mtu wa kuuliza maswali sahihi kabla ya Ijumaa, na huyo mtu alitakiwa kuwa mimi. Ila kuuliza maswali sahihi kunataka ujue vitu fulani. Nimejaribu kuviorodhesha, na naviona ni vichache kuliko tunavyotishwa.

Cha kwanza, na kwangu ndicho kikubwa: ujue kwamba kwenye mtandao kuna majibu matatu, si mawili. Sisi tumezoea kuna "imefanikiwa" na "imeshindikana." Kuna la tatu, "haijulikani." Ombi limeondoka, jibu halijarudi. Inawezekana ombi lilipotea njiani, inawezekana lilifika kazi ikafanyika na jibu ndilo lililopotea. Ukiwa huku huwezi kutofautisha. Fikiria umemtuma mtoto dukani na noti ya elfu kumi akachelewa kurudi. Humtumi mtoto wa pili na noti nyingine. Unamtuma aende kumuuliza mwenye duka, "Yule wa kwanza alifika?" Hicho ndicho mainjinia wanachokifanya: kabla ya kurudia malipo, unauliza hali ya yale ya kwanza. Na kila agizo linapewa namba yake ya pekee tangu mwanzo, ili hata ombi likija mara tatu lenye namba ileile, upande wa pili useme hili nimeshalifanya, na usikate tena. Sisi tulikuwa tunatoa namba mpya kila kitufe kinapobonyezwa. Kwa hiyo kwa mfumo wa malipo, yale yalikuwa maagizo matatu ya mtu mwenye njaa sana.

Angalieni hapo kazi ya meneja iko wapi. Kuandika ile namba ni kazi ya Injinia. Lakini skrini iseme nini wakati jibu halijulikani, hilo ni swali la bidhaa, ni langu. Ningejua hali ya tatu ipo, ningeandika: "Tunahakiki malipo yako, usilipe tena, tutakujulisha." Sentensi moja. Ingeokoa elfu 30 na heshima ya Mama.

Cha pili ni kanzidata. Jifunzeni SQL, jamani. Siwaambii muwe mabingwa. Ni lugha ya kuuliza maswali kwenye majedwali, na kama umewahi kutumia Excel kwenye asaimenti ya takwimu, nusu ya njia umeshafika. Nionyeshe safu hizi, kwenye jedwali hili, zenye sharti hili, uzikusanye kwa namba ya simu, unihesabie, unipe zenye zaidi ya moja. Ndicho alichoandika Injinia Jumapili ile, na mimi baada ya jioni nne za kuhangaika naweza kuandika mwenyewe. Meneja asiyeweza kuuliza data swali lake mwenyewe anaishi kwa kuombaomba. Kila anachotaka kujua lazima asubiri mtu arudi kutoka Morogoro.

Ila hapo hapo kuna mtego. Nilipopata ile orodha ya watu 19, wazo langu la kwanza lilikuwa kuibandika kwenye ubao wa matangazo, majina na namba za simu, ili kila mtu aone Mama si mwizi. Injinia akaninyang'anya karatasi. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, imeanza kutumika Mei 2023, na namba ya simu ya mtu pamoja na alichonunua si mali yangu ya kubandika ukutani. Tukampigia kila mmoja kimyakimya. Kwa hiyo ukijifunza kufungua kanzidata, jifunze na kuifunga.

Cha tatu, jueni njia ambayo ujumbe unapita, maana njia ndiyo inayoamua bidhaa itakuwaje. Mfano wangu ni huu tulio nao mfukoni kila siku. M-Pesa ilizinduliwa Kenya na Safaricom Machi 2007, na mwaka uliofuata Vodacom wakaileta Tanzania. Jina moja, kazi ileile, lakini kule Kenya ilipoanza menyu yake ilikaa ndani ya laini yenyewe. Unachagua, unaandika namba, kiasi, namba ya siri, vyote vinakusanywa ndani ya simu, halafu vinatumwa kwa mkupuo kama SMS iliyofichwa. Huku kwetu tukazoea *150*00#, yaani USSD. Hapo menyu haiko kwenye simu, iko kwenye seva, na kila hatua unayobonyeza inakwenda na kurudi.

Mtu wa kambi yangu ya zamani angesema hayo ni mambo ya mafundi. Sivyo. Menyu ikiwa kwenye seva unaweza kuibadilisha leo na wateja wote wakaiona leo, kwenye kitochi na kwenye simu janja sawasawa, bila bando. Lakini mtandao ukiyumba ukiwa hatua ya tano, unarudi mwanzo, na sote tunajua ile hasira. Menyu ikiwa ndani ya laini, hatua za katikati haziyumbi, lakini kuibadilisha kwa mamilioni ya watu si jambo la kuamka asubuhi na kuamua. Na USSD inakupa herufi 182 tu kwa skrini moja. Ukijua hilo, hutakuja kwenye kikao na menyu ya vipengele 14 vyenye maelezo marefu kama hotuba ya mgeni rasmi.

SMS nayo ina vituko vyake, na hivi nimevilipia. Ujumbe mmoja unabeba herufi 160 ukitumia herufi za kawaida. Ukichomeka kikatuni kimoja tu, au hata ile alama iliyopinda ambayo Word inaiweka yenyewe unapoandika neno ng'ombe, ujumbe mzima unahamia kwenye mfumo mwingine wa herufi na nafasi inashuka mpaka 70. Ukizidi hapo, unakatwa vipande vya herufi 67, na unalipia kila kipande. Ujumbe wetu mtamu ulikuwa na herufi kama 140 na kipicha cha sahani mwishoni, kwa sababu nilitaka upendeze. Kwa hiyo kila mteja alitugharimu SMS tatu badala ya moja. Salio la SMS tulilonunua la muhula mzima liliisha kabla ya testi ya kwanza, na mimi nikamlaumu aliyetuuzia.

Cha nne ni simu ya mteja wako. Mwaka 2013 Facebook walituma timu ya mameneja wa bidhaa na mainjinia kuja Afrika kujaribu apu yao kwenye simu na mitandao ya huku. Walieleza wenyewe kwamba ilikuwa inapakia polepole, inajifunga kila mara kwa kukosa kumbukumbu ya kutosha, na bando zao za mwezi mzima ziliisha ndani ya dakika 40. Watu wenye akili nyingi, wenye kila kipimo ofisini, hawakuyaona hayo mpaka waliposimama walipo wateja. Mwaka 2015 wakatoa Facebook Lite, apu ya chini ya MB 1 ilipoanza, na wengi wetu tuliingilia Facebook kupitia hiyo tukiwa shule. Funzo langu ni dogo: kabla hujatoa kitu, kijaribu kwenye simu mbovu kuliko zote hosteli, ukiwa na mstari mmoja wa mtandao, saa saba mchana. Sisi tulijaribu usiku wa manane, kwa mtandao wa maktaba, kwenye simu ya dada wa uhasibu ambayo ni kali kuliko zote tatu.

Cha tano, na hiki hakifundishwi kwenye kozi yoyote: acheni kusema "kazi ya dakika tano." Kinachoonekana kwenye skrini ni kama bati la juu, ukuta uko chini. Kitufe ni dakika tano. Kinachotokea kitufe kikibonyezwa mara tatu, mtandao ukikatika katikati, mtu akiwa na salio pungufu, hicho ndicho Injinia alikuwa anataka siku mbili kukifikiria. Hutakiwi kujua kitachukua siku ngapi. Unatakiwa kujua kuuliza, "Ni nini hapa kinakupa wasiwasi?" halafu unyamaze usikilize. Siku hizi namuuliza hivyo, na majibu anayonipa ni bora kuliko mihadhara mingine niliyokaa mpaka nikasinzia.

Najua kuna atakayesema: mbona sasa unarudi kwa wale wa kambi ya kwanza, si bora tujifunze tu programu yote tumalizane? Anayetaka na ajifunze, haitamdhuru. Lakini nakataa kuwa ndiyo tiketi ya kuingilia, kwa sababu mbili. Kwanza, kuna ujuzi ambao mainjinia wengi hawana muda nao na bidhaa inakufa bila huo. Kabla M-Pesa haijazinduliwa ilifanyiwa majaribio Kenya kuanzia 2005, na lengo la awali lilikuwa watu walipe marejesho ya mikopo midogo. Waliokuwa wanaifuatilia wakaona wateja wanaitumia kutumiana pesa wao kwa wao, na bidhaa ikageuzwa ifuate huko. Kuona hilo hakukuhitaji kuandika hata mstari mmoja wa programu, kulihitaji kukaa na watu na kuwaangalia wanafanya nini. Pili, nimeona wenzetu waliojifunza programu miezi mitatu wakaanza kumwelekeza injinia wa miaka minne aandike vipi. Hao ni hatari kuliko mimi wa Ijumaa ile. Ujuzi wa kiufundi wa meneja ni wa kuelewa na kuuliza. Ukiugeuza kiboko, timu inakukimbia.

Kwa hiyo msimamo wangu ndio huu: usiwe injinia nusu, ila usiwe mgeni nyumbani kwako. Ukiweza kuchora kwenye karatasi safari ya sahani moja ya wali, kuanzia kidole kinapogusa kitufe, kwenda kwenye seva, kwenda kwenye mfumo wa malipo, kurudi, kuandikwa kwenye kanzidata, mpaka SMS inapolia, na kila mshale ukaweza kusema ukikatika hapa mteja ataona nini, basi unatosha kuanza. Mimi nimeubandika mchoro huo juu ya kitanda, pale ilipokuwa picha ya Simba. Rumeti wangu ambaye ni Yanga amefurahi sana.

Vya kujifunzia vipo na havitaki bumu. Kozi ya CS50 ya Chuo Kikuu cha Harvard, anayofundisha David Malan, iko bure mtandaoni, na hata ukiishia wiki chache za mwanzo utafaidika. SQLite ni bure na inakaa kwenye laptopu yoyote hata ile iliyofungwa gundi. Halafu fungua tovuti yoyote kwenye kompyuta, bonyeza F12, nenda sehemu ya mtandao, ujionee maombi yanavyotoka na majibu yanavyorudi, yapi yanafika na yapi yanachelewa. Mara ya kwanza nilipoiona nilikaa saa nzima nikiitazama kama sinema. Zaidi ya yote, tafuta Injinia wako. Wako kwenye vimbweta wamejaa, wananunulika kwa chipsi mayai, na wengi wanafurahi kuulizwa, ila hatuwaulizi mpaka siku tunataka watutengenezee kitu bure.

Kuhusu Mama: nilikwenda Jumatatu na hizo elfu 30 na daftari la dada wa uhasibu, nikamsomea kila jina linalohusika na kila shilingi. Nilimwamkia, akaitikia marahaba bila kugeuka, mkono kwenye mwiko. Nilipomaliza akauliza swali moja tu: "Kwa hiyo mwanangu, ile mashine yenu ilikuwa haijui kama imeshalipwa?" Nikamwambia ndiyo, Mama, ilikuwa haijui. Akasema, "Basi ingesema haijui."

Nilisoma miaka miwili ya masoko na uongozi, na sentensi ambayo ningetakiwa kuiandika kwenye ile skrini nimekuja kuisikia kwa mtu anayesema hayo mambo hayajui.

Huduma tumeirudisha wiki iliyopita, kwa wateja 20 kwanza, wale tunaowafahamu. Kitufe cha kijani kimeondoka. Mama amekubali kwa sharti kwamba simu ya malipo anaishika binti yake, na kila jioni tunakaa naye kulinganisha orodha yetu na ujumbe wake mpaka zifanane. Naona ni sharti zuri kuliko yote tuliyokuwa nayo kwenye mpango wetu.

Ni hayo tu kwa leo wandugu. Wale wa kambi ya mdomo mnaoona nimewasaliti, tukutane kimbweta cha chini ya mwembe saa kumi tubishane, nitakuwepo. Wale 5 ambao hamkuja kudai, pesa zenu tuliwatumia, angalieni simu.

Alamsiki.